Maji ya Sanje hayajui kiangazi

Huku kwetu Idodi, Oktoba ni mwezi wa vumbi. Mpunga umekwisha vunwa siku nyingi, ng'ombe wamemaliza mabua, na vijito vinavyoteremka kutoka milimani vimepungua hata mtoto mdogo wa madrasa huvivuka pasipo kukunja suruali. Ni katika mwezi huo ndipo kamati ya msikiti wetu ilipoamua kuzichukua baadhi ya familia za waumini kwenda kutazama maporomoko ya maji ya Sanje, katika Milima ya Udzungwa. Wazee walitucheka. Mmoja wao alituuliza baada ya sala ya Isha, "Mnakwenda kutazama maji mwezi huu? Mtalikuta jiwe."

Hakusema hivyo kwa ubishi. Sisi tunaoishi kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tunajua kwamba mto waweza kufa. Ruaha Mkuu, ambao wazee wetu waliuzoea ukitiririka mwaka mzima, ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo umekuwa ukisimama kiangazi baada ya kiangazi, viboko wakisongamana katika madimbwi yaliyosalia. Maji yake hutoka bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ambako mifereji ya mashamba na makundi ya mifugo viliyapunguza kabla hayajatufikia. Usangu iliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, lakini mto haukurudi kama zamani. Mzee wetu alikuwa akisema lile ambalo macho yake yameliona.

Kulikuwa pia na jambo ambalo hatukulitangaza msikitini. Kwa miezi kadhaa kamati ilikuwa imegawanyika juu ya ujenzi wa darasa jipya la madrasa. Matofali ya udongo yalikwisha fyatuliwa na kupangwa. Yalihitaji tanuri, na tanuri lilihitaji kuni nyingi. Muumini mmoja, mtu mwema, alitoa miti yake iwe sadaka. Tatizo ni kwamba miti hiyo imesimama juu kabisa ya kijito ambacho nusu ya kitongoji huchota maji. Baadhi yetu tulisema ikatwe, kwa kuwa watoto wanasoma juani. Wengine tulisema isikatwe. Tulikutana mara tatu na kuachana mara tatu bila neno moja, na mara ya mwisho watu waliondoka bila kupeana mikono, jambo ambalo hatujivunii. Basi siku ya safari pande zote mbili zilipanda basi moja, kila upande ukakaa kwenye viti vyake.

Tuliondoka Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri, watu 27, wakubwa kwa wadogo. Iringa mjini tulikunywa chai, tukavuka Ruaha Mdogo pale Ipogoro, tukapita Ilula yenye matenga ya nyanya kando ya barabara, kisha tukateremka Kitonga. Yeyote aliyewahi kuteremka mlima huo nyuma ya lori la mizigo anajua namna watu wanavyozidisha dhikri. Chini yake joto hukupokea kama mlango wa jiko uliofunguliwa, na mibuyu husimama pande zote mbili bila jani. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, kama ilivyo ada, tukavuka daraja.

Hapo mwalimu wa madrasa alisimama ndani ya basi akawauliza watoto, "Mto huu ni upi?" Wachache walijua. Ni Ruaha Mkuu uleule unaopita upande wa kwetu. Umekwenda Mtera, umezuiwa bwawani, umeachiliwa, na umefika hapa kwa njia yake. Tulipofika Mikumi tukaacha barabara kuu na kushika ile ya Ifakara, tuliuvuka tena pale Kidatu, ambako tangu mwaka 1975 maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 204. Watoto walishangaa kwamba mto unaokauka kwao unaweza kuwasha taa kwa watu. Mtu mzima mmoja naye alishangaa, ila alijifanya anajua.

Baada ya Kidatu nchi hubadilika ghafla. Kushoto ni miwa, ekari kwa ekari, mali ya viwanda vya sukari vya Kilombero. Kulia ni ukuta wa milima iliyovaa msitu kuanzia miguuni hadi mawinguni. Binti wa darasa la tatu ndiye aliyeona wa kwanza, akapiga kelele: katikati ya ukuta ule wa kijani palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, uliosimama wima. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Jiwe halikuwa jiwe tupu.

Tulilala Mang'ula, mji mdogo uliokuwa kambi ya mafundi wakati reli ya TAZARA ilipojengwa, na ambako leo yapo makao makuu ya hifadhi. Tulisali Magharibi na Isha kwa kukusanya, tukala wali wa Kilombero na samaki, na akina mama wakapewa vyumba vyenye vyandarua vizima. Yapo ya vitendo ambayo familia ikae ikijua. Hifadhi haipokei fedha taslimu, hivyo malipo yapangwe mapema kwa simu au benki. Raia hulipa kidogo kuliko wageni wa nje, lakini kila mtu mzima awe na kitambulisho chake. Hakuna anayepanda bila mwongozaji. Viatu viwe vya kushika ardhi. Kandambili tulizoziona miguuni mwa baadhi yetu zilitutia aibu kabla hazijatutia hatarini. Na msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, njia huteleza mno kwa wenye watoto.

Asubuhi tulirudi nyuma kiasi cha kilomita kumi hadi kijiji cha Sanje, na hapo ndipo mguu unapoanza kazi. Njia huingia msituni mara moja. Mtu anatoka kwenye jua la miwa na hatua ishirini baadaye anatafuta mahali pa kukanyaga kwa kuwa mwanga umepungua. Miti ni mirefu, mashina yake yametanua mabawa chini kama kuta, na kamba za mimea zinaning'inia toka juu hata vijana walitaka kuzipanda. Mwongozaji aliwakataza kwa upole. Alikuwa kijana wa vijiji vya hapo chini, mpole wa sauti, na kila alipotaka tunyamaze aliinua kiganja tu.

Aliinua kiganja mara ya kwanza kwa ajili ya mbega wekundu. Walikuwa juu kabisa, kundi zima, wakila majani machanga, na nywele nyekundu za utosini zikionekana kila walipoinama kututazama. Aina hii haiishi popote duniani isipokuwa katika milima hii na misitu michache ya jirani. Watoto walikwisha wazoea nyani wa Idodi, wale wezi wa mahindi, wakadhani kima wote ni maadui. Hawa hawakutaka chochote chetu. Walitutazama, wakajikuna, wakarudi kwenye majani yao.

Mara ya pili hatukuona kitu kwa muda mrefu, tulisikia tu. Sauti ilitoka bondeni, nzito, ya kuita na kukatika. Huyo ni kima wa Sanje, wa rangi ya kijivu na uso wa waridi, anayetembea sana ardhini, akigeuza majani makavu kutafuta mbegu na wadudu. Kisa chake kinafaa kusimuliwa. Mwaka 1979 watafiti wawili wa kigeni walisikia sauti hiyo msituni na hawakuijua. Mwenyeji aliyefuatana nao hakusita: alimtaja kwa jina lake, ng'olaga. Muda si muda wakamkuta mtoto wa mnyama huyo akifugwa kijijini. Vitabu vya sayansi vikaandika kwamba kima mpya amegunduliwa. Wanakijiji, tunadhani, walishangaa kidogo kuambiwa kwamba jirani yao ni mgeni.

Na si huyo peke yake. Mwaka 1991, katika msitu wa Ndundulu upande wetu wa Iringa, watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemjua ikielea ndani ya sufuria ya chakula chao kambini; ndivyo kwale wa Udzungwa alivyojulikana duniani, na ikabainika kwamba ndugu zake wa karibu wako Asia. Mwaka 2008 akaandikwa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye uzito wa kama gramu 700. Kipunji naye, kima ambaye wawindaji wa Rungwe kule Mbeya walimtaja kwa jina kabla watafiti hawajamwona, alionekana Rungwe na Ndundulu kwa nyakati zinazokaribiana na akatangazwa mwaka 2005. Mbeya na Iringa, ambazo hutajwa kwa viazi, chai na mbao, zimempa ulimwengu kima ambaye hakuna aliyekuwa amemwandika. Tulipowaeleza watoto haya, mmoja aliuliza kama Mwenyezi Mungu alikuwa amewaficha. Mwalimu wa madrasa alimjibu kwamba hawakufichwa, ila watu hawakuwa wameuliza wenyeji.

Kupanda kuliendelea. Akina mama wawili walipumzika mara nyingi, na hapo tuliona kitu ambacho hatukukipanga: mweka hazina wetu, kiongozi wa waliotaka miti ikatwe, alirudi nyuma akabeba mtoto wa katibu msaidizi, kiongozi wa waliokataa, akampandisha mabegani mpaka juu. Hawakusemezana. Lakini mtoto alisema sana.

Tulifika mahali pa kutazamia kabla ya saa tano. Hatuna maneno mengi kwa ajili ya hapo. Maji yanatoka ukingoni mwa msitu, juu, kana kwamba mlima umetobolewa, na yanaanguka mita 170. Katika mwezi wa Oktoba si mengi kama masika, na mwongozaji alituomba radhi kwa hilo, akidhani tumekuja kudai. Yanaanza yakiwa mkanda mmoja, yanagonga mwamba, yanapasuka, na sehemu yake haifiki chini kabisa bali inageuka kuwa ukungu unaopeperushwa kwenye majani ya miti ya kando. Majani hayo yalikuwa yakidondosha matone ingawa mbingu ilikuwa buluu. Mzee mmoja tuliyekuwa naye alisema "Subhanallah", kisha akakaa juu ya jiwe akanyamaza, na hakuna aliyemsemesha kwa kitambo.

Swali likaja lenyewe: maji haya yanatoka wapi, ilhali mvua haijanyesha? Mwongozaji alipiga magoti, akazoa ardhi ya njiani kwa mikono miwili, akaikamua. Majimaji yalipita vidoleni mwake. Milima ya Udzungwa ni ya mwisho kusini katika Tao la Mashariki, safu inayoanza Taita nchini Kenya. Pepo za Bahari ya Hindi zinafika hapa zikiwa na unyevu, zinagongana na miteremko hii ya mashariki, zinapanda, zinapoa na kuuacha mzigo wao. Hata pasipokuwa na mvua, mawingu hupita katikati ya miti, na majani huyachuja. Udongo uliojaa majani yaliyooza hunywa maji hayo na kuyaachilia kidogo kidogo, miezi mingi baada ya mvua. Upande wa magharibi wa milima, ambako ndiko kwetu, pepo zinafika zikiwa zimekwisha toa karibu vyote. Kwa hiyo vichaka vichache vilivyobaki juu ya vijito vyetu vinafanya kazi ile ile kwa mvua iliyo haba kuliko ya huku.

Hapo hatukumtazama mtu. Lakini tulisikia mweka hazina akimwuliza mwongozaji, kwa sauti ya chini, inachukua miaka mingapi udongo kuwa hivi. Mwongozaji alisema hajui, ila miti mikubwa aliikuta, na babu yake naye aliikuta.

Juu ya maporomoko kuna bwawa la asili, baridi kuliko barafu ya sherehe. Wavulana walioga kwanza. Kisha mwongozaji akawachukua wanaume wote upande wa pili wa miamba, akaturudisha baada ya akina mama na wasichana kumaliza zamu yao. Hakuambiwa, tunamwombea kheri. Ukingoni, mbali na pa kuangukia, mashamba ya miwa yalionekana chini kama mkeka, na moshi wa kiwanda ukisimama mbali. Tulitawadha hapo. Ajabu ni kwamba watoto, ambao nyumbani hutawadha kwa kopo moja kwa kulazimishwa, hapa kwenye maji yasiyokwisha walichota viganja vichache tu. Huenda ilikuwa ni baridi.

Tukiwa tumekaa tukila maandazi, mmoja wetu alisimulia habari za Kihansi, na tunaona si vibaya kuileta hapa. Kihansi nayo ni maporomoko ya miteremko hii hii ya Udzungwa, kusini zaidi. Mwaka 1996 alipatikana hapo chura mdogo wa manjano, asiyezidi ukucha wa kidole gumba, ambaye hatagi mayai bali huzaa, na ambaye maisha yake yote yalitegemea ukungu wa maporomoko. Muda si mrefu sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, megawati 180, na ukungu ukapungua. Zikawekwa bomba za kunyunyizia, hazikutosha. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wachache waliohamishiwa Marekani na kuzalishwa huko katika bustani za wanyama, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Tuliuliza: je, umeme ule haukuwa na faida? Umewasha hospitali, shule na misikiti. Hatukupata jibu la haraka, na pengine halipo. Mama mmoja alisema tu kwamba chura aliyepandishwa ndege kwenda na kurudi amesafiri kuliko sisi sote.

Tulipoteremka tulikutana na bibi mmoja akiuza ndizi kwenye ukingo wa kijiji. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu. Mmetokea juu?" Tulimsifia msitu wake. Akatuachia tuseme mpaka tukamaliza, kisha akasema kwamba msitu ni mzuri kwa mwenye gesi. Zamani, alisema, akina mama waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Wengine walipanda miti uani, wengine wakajifunza majiko ya pumba za mpunga, na wengine waliingia kwa kificho wakapatwa na yaliyowapata. Yeye alipanda miti. Ilikuwa migumu miaka ile ya mwanzo, alisema, kwa kuwa mti hauivishi maharage siku unapoupanda. Hata hivyo hakutaka turudi tukisema anauchukia msitu. "Maji ya kijiji hiki hayajawahi kukatika tangu nizaliwe," alisema. "Nyie kwenu yanakatika?"

Tulimwambia yanakatika. Akatuongezea ndizi mbili juu ya zile tulizonunua.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na watoto walilala kabla ya Mikumi. Viti havikuwa vimepangwa kama wakati wa kwenda. Mahali tuliposimama kwa sala ya Adhuhuri na Alasiri palikuwa na karakana ya vijana wanaotengeneza matofali ya kufungamana, yale yanayoshindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo, yasiyochomwa. Mweka hazina alitumia muda mrefu hapo. Alirudi na karatasi aliyoiandika kwa kalamu ya kukopa: mfuko mmoja wa saruji hutoa matofali mangapi, mashine hukodishwa kwa siku ngapi, fundi hula kwa nani. Katibu msaidizi alimsogelea, wakahesabu pamoja chini ya taa ya basi mpaka Kitonga, ambako barabara iliwanyima nafasi ya kuandika.

Hesabu haikutosha. Kwa fedha tulizo nazo kuta zingeishia madirishani. Na yale matofali ya udongo yaliyokwisha fyatuliwa yanakaa pale pale, yamefunikwa nyasi, na mvua za Novemba hazimsubiri mtu. Yasipochomwa yatarudi kuwa tope, na ni nguvu za vijana wetu wenyewe. Aliyetoa miti naye anastahili kuambiwa kwa heshima, uso kwa uso, kwa kuwa sadaka yake ilikuwa ya dhati.

Kikao cha nne kimepangwa Ijumaa ijayo baada ya Alasiri. Mwenye miti amealikwa, na amesema atakuja. Mzee aliyetucheka kuhusu jiwe naye ameomba nafasi ya kuketi, ingawa si mjumbe, kwa sharti kwamba mjukuu wake aliyekwenda Sanje aruhusiwe kuketi karibu naye.